SOMO LA MFANYAKAZI: GOMESI, HARIRI NA BEI YA MKONO WA MSHONAJI



Somo letu safari hii ni juu ya gauni. Wengine watauliza, gauni lina uhusiano gani na chama? Linao. Sisi wa viwanda vya nguo tunasokota na kufuma. Wenzetu wa chai na miwa huweka akiba miezi mingi ili mama avae vizuri siku ya harusi. Lakini gauni likisha kuvaliwa, watu husifu kitambaa, na aliyelishona hatajwi. Basi tulifumue gauni hilo tuone kazi iliyomo.

1. Gomesi ilitoka wapi

Shule ya wasichana ya Gayaza, kaskazini ya Kampala, ilifunguliwa na wamisheni mwaka 1905. Siku zile wanawake wa Buganda walivaa nguo ya gome la mti wa mutuba, iliyozungushwa mwilini na kukazwa kwa mshipi. Ilikuwa nguo ya heshima, lakini msichana akipiga magoti na kushika kazi, ililegea. Yasimuliwa kwamba shule ilimwendea fundi Mgoa aitwaye Gomes, mwenye duka la ushonaji hapa Kampala, naye akabuni gauni lisilofunguka. Mshipi wa zamani hakuutupa. Jina lake likawa jina la nguo. Wengine huiita busuuti, na wengine bodingi, kwa kukumbuka shule ya bweni.

Mwaka 1914 Kabaka Daudi Chwa alipotawazwa, mkewe, Irene Drusilla Namaganda, aliivaa, na toka hapo ikaenea. Tuangalie jambo moja: ikulu iliipa nguo hii sifa, lakini umbo lake lilitokana na haja ya mtu mwenye kazi.

2. Jinsi inavyoshonwa

Gomesi iliyo kamili huweza kula mita 6 za kitambaa. Shingo yake ni ya mraba, na upande wa kushoto ina vifungo viwili. Mikono ni mifupi, yenye marinda, na bega husimama kwa ncha. Gauni hushuka mpaka chini. Mshipi mpana wenye kung'aa hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga, na ncha zake huning'inia mbele. Ndani huvaliwa kikoi ili kitambaa chepesi kisigande mwilini.

Mtu asiyejua hudhani kazi kubwa ni ule urefu. Fundi anajua kwamba kazi iko begani na shingoni. Mkono mmoja ukisimama na mwingine ukilala, gauni zima limeharibika. Pembe za shingo zikivutwa kidogo tu, mraba unakwenda upande. Hariri nayo huteleza chini ya mkasi, na sindano butu huiachia alama isiyofutika.

Tena si kila kinachong'aa ni hariri. Chomoa nyuzi chache, zichome mbali na nguo. Hariri ya kweli hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka, kisha hufanya kidonge kigumu. Jaribu hili linamfaa mnunuzi, na linamfaa fundi asije akasingiziwa kwamba alibadilisha kitambaa.

3. Magauni ya hariri ya Ulaya

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu jambo hili la kitambaa kusifiwa na mkono kusahauliwa ni la zamani. Katika karne ya 18 wanawake matajiri wa Ulaya walivaa magauni ya hariri iliyofumwa Lyon katika Ufaransa, au Spitalfields katika London. Hariri hiyo ilikuwa na upana wa nusu mita hivi, kwa hiyo gauni moja lilitaka vipande vingi, mita 10 na zaidi. Cherehani haikuwapo, yote yalishonwa kwa mkono. Kitambaa kilikuwa ghali mno, basi washonaji waliogopa kukikata. Walikikunja marinda makubwa mgongoni, wakapiga mishono mirefu kwenye sketi ili baadaye ifumuliwe na kushonwa upya. Kifua kilifungwa kwa pini. Mapambo yalikuwa vipande vya hariri ile ile, vilivyokatwa ukingo wa meno meno na kukunjwa kama maua.

Thamani yote ilihesabiwa katika hariri. Ujira wa mwanamke aliyeshona ulikuwa sehemu ndogo tu ya bei.

Lakini wafanyakazi wale hawakukaa kimya. Washonaji wanawake wa Paris walipata chama chao cha ufundi mwaka 1675, wakawa na haki ya kuwashonea wanawake wenzao. Wafumaji wa Spitalfields walipigania ujira wao kwa miaka mingi. Wengine walikata hariri ya watu mitamboni, na mwaka 1769 wafumaji walinyongwa kwa kosa hilo. Mwaka 1773 sheria ilitolewa, mahakimu wakapewa kazi ya kupanga ujira wa kufuma hariri. Sheria hiyo ilidumu hadi 1824. Huko Ufaransa, mwaka 1791 vyama vya wafanyakazi vilipigwa marufuku. Haki iliyopatikana inaweza kuondoka, ikikosa walinzi.

4. Hesabu yetu

Tufanye mfano. Tuseme fundi analipwa shilingi 24,000 kwa gomesi moja. Uzi na vifungo ni 3,000. Kukodi cherehani na kibaraza ni 5,000. Zimebaki 16,000. Kama gauni lilimchukua saa 8, basi saa moja ni shilingi 2,000. Akikubali kushona kwa 20,000 ili amnyang'anye jirani mteja, gharama haipungui. Saa yake inashuka kuwa 1,500. Kesho jirani naye atashusha. Mteja atafurahi, na mafundi wote wawili watalala njaa.

Dawa ni mafundi wa kibaraza kimoja kukaa pamoja na kukubaliana bei ya chini ya mkono, ambayo hakuna atakayeivuka. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili tawini

1. Katika kazi yako, ni sehemu gani ngumu ambayo mnunuzi haioni?
2. Ukitoa gharama zote, saa yako moja ni shilingi ngapi?
3. Kwa nini kukata hariri hakukuwasaidia wafumaji kama kupanga ujira pamoja?
4. Washonaji wanaolipwa kwa kipande katika mtaa wenu ni wangapi, na nani kati yetu atakwenda kuzungumza nao?