SOMO: LESENI YA TEKSI NA MFUKO WA DEREVA

Leseni ya teksi ni kibali kinachompa mtu haki ya kuchukua abiria kwa malipo. Madhumuni yake ni usalama wa abiria, utaratibu barabarani na mapato ya Serikali. Hata hivyo, kila sharti la leseni lina gharama, na gharama hiyo lazima imwangukie mtu. Somo hili linaeleza humwangukia nani.

1. Gharama za dereva

Zipo gharama zinazofuata kazi, kama vile mafuta na matairi. Zipo pia zisizobadilika: ada ya leseni, bima, ukaguzi wa gari na, kwa asiyemiliki gari, hesabu ya kila siku anayompelekea tajiri. Kwa mfano, dereva anadaiwa hesabu ya shilingi 20,000, na kila safari humbakishia shilingi 4,000 baada ya mafuta. Safari tano za mwanzo ni za tajiri. Ya sita ndiyo yake. Siku abiria wakiadimika, hesabu haipungui. Kinachopungua ni usingizi wa dereva na matengenezo ya gari.

2. Sharti la ubora na sharti la idadi

Sharti la ubora, kama vile breki nzima, humgharimu dereva, lakini abiria hupata usalama. Sharti la idadi huweka kikomo cha leseni. Huwalinda waliokwisha kuzipata. Lakini leseni ikiruhusiwa kuuzwa, karatasi yenyewe hupata bei, na anayeingia baadaye ndiye huilipa.

3. Mfano wa Dublin, Ireland

Katika mji huo idadi ya teksi ilidhibitiwa kwa miaka mingi. Kufikia mwaka 2000, leseni moja iliuzwa baina ya watu kwa takriban pauni 80,000 za Ireland. Madereva wasio na leseni walikodi za wenzao. Wenye leseni, wengi wao walikuwa wamekopa ili kuzinunua, na baadhi walizitegemea kuwa kiinua mgongo chao na urithi wa wajane wao.

Oktoba 2000, Mahakama Kuu iliamua kwamba kikomo hicho hakikuwa na nguvu ya sheria. Novemba mwaka huo kikomo kiliondolewa, na leseni mpya ya gari la kawaida ikatolewa kwa ada ya pauni 5,000. Katika miaka michache teksi za Dublin ziliongezeka zaidi ya maradufu. Aliyekuwa akikodi aliweza kupata leseni yake mwenyewe. Aliyekopa alibaki na deni la kitu kilichopoteza thamani. Mwaka 2002, jopo maalumu lilipendekeza walioathirika zaidi walipwe baina ya euro 3,000 na 15,000, yaani sehemu ndogo tu ya hasara.

4. Mafunzo

(a) Kikomo cha idadi kisiwekwe bila kuamuliwa pia kama leseni yaweza kuuzwa au kukodishwa.

(b) Kabla ya kupandisha ada, itazamwe nani atalipa: mwenye gari, dereva au abiria.

(c) Kanuni iliyodumu muda mrefu hujengewa maisha ya watu. Inapobidi kuondolewa, na iondolewe kwa taarifa ya mapema na kwa kuwafikiria waliotii.

Dereva naye, kabla ya kukopa kwa ajili ya leseni, akumbuke kwamba thamani iliyoletwa na kanuni yaweza kuondolewa na kanuni.