Ni Nani Aliyefunga Mvua?

Somo kwa wakatekumeni wa vilima vya Bule



Mvua inapochelewa mwezi wa tatu, na mbegu zikaliwa na mchwa katika udongo mkavu, maneno huanza kutembea vijijini. Huyu husema: «Mzee fulani ameifunga mvua.» Yule husema: «Tuchange kuku na fedha, tumwendee mganga aifungue.» Nanyi mnaojiweka tayari kwa Ubatizo mtaulizwa mko upande gani. Basi tujifunze mvua yatoka kwa nani, kwa nini majira yamegeuka, na mkulima Mkristo afanye nini.

I. Mvua yatoka kwa nani

Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa vyote, naye ameviwekea viumbe vyake taratibu. Jua hupasha moto maji ya bahari na ya maziwa. Mvuke hupanda, hupoa huko juu, huwa mawingu, kisha hushuka tena. Miti ya msitu mkubwa wa Kongo nayo hunywa maji kwa mizizi na kuyapumua kwa majani, na mvuke huo hurudi kuwa mvua. Hakuna mwanadamu awezaye kuzuia mawingu kwa dawa wala kwa jicho.

Fikirini haya. Kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022, mvua zilikosekana majira matano mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Ethiopia na Somalia, na mifugo ikafa kwa mamilioni. Lakini katika mwaka huohuo wa 2020, mwezi wa tano, Ziwa Viktoria lilijaa kupita kiasi, likafurikia nyumba za watu wa pwani zake. Je, ni mzee gani wa kijiji kimoja awezaye kukausha nchi tatu?

Kwa hiyo, amwendeaye mganga wa mvua huvunja Amri ya kwanza. Amsingiziaye mzee au mjane kuwa amefunga mvua huvunja Amri ya nane. Na akisababisha apigwe au afukuzwe, huvunja ya tano pia. Huku Djugu, ambako damu nyingi imemwagika tangu mwisho wa mwaka 2017, Mkristo asitupe hata kijiti kimoja motoni.

Kanisa nalo huomba mvua. Ina Misa yake katika kitabu cha Misa. Lakini kuomba si kuagua. Mganga hujidai kuamuru. Sisi twamwomba Baba, kisha twashika jembe.

II. Kwa nini majira yamegeuka

Kwa muda wa zaidi ya miaka mia mbili, mataifa yenye viwanda vingi yamechoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi mno. Hewa itokayo humo huzuia joto lisitoke duniani, kama blanketi nene juu ya mtu aliyelala. Dunia imekwisha kuongezeka joto kwa zaidi ya digrii 1. Hewa yenye joto hukausha udongo upesi. Tena hubeba maji mengi zaidi, hata mvua ikija huja kwa nguvu na kuuchukua udongo. Mkulima maskini hakuhusika sana na moshi huo, bali taabu yake yampata yeye kwanza. Baba Mtakatifu Fransisko alilieleza jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015.

Hata hivyo, tusiseme kosa lote ni la wengine. Ni nani aliyekata miti ya kilimani bila kupanda mingine? Ni nani aliyechoma majani ya shamba yaliyopasa kuulisha udongo?

III. Mfano wa Machakos

Huko Kenya iko nchi kame ya Wakamba, Machakos. Katika miaka ya 1930 udongo wake ulikuwa umechukuliwa vibaya na maji, hata maofisa wa serikali ya Kiingereza wakadhani nchi ile imekwisha. Lakini wenyeji walichimba matuta, wakapanda miti, na vikundi vya kusaidiana, hasa vya akina mama, vikaenda shamba kwa shamba. Kati ya miaka 1932 na 1989 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ukapungua na mavuno yakazidi.

Njia yao moja huitwa «fanya juu»: huchimba mfereji unaokatisha mteremko, na udongo wake huutupa upande wa juu uwe ukingo. Juu ya ukingo hupanda majani ya kulisha ng'ombe, nayo huushika. Mwaka kwa mwaka udongo hujikusanya nyuma yake, na shamba huwa kama ngazi.

IV. Kazi ya mikono yetu

1. Pima mstari ulio sawa. Funga miti mitatu kwa umbo la herufi A, na kutoka kichwani ning'iniza uzi wenye jiwe. Simamisha miguu mahali pawili, tia alama uzi unapopita kwenye mti wa katikati; geuza miguu, tia alama ya pili. Kati ya alama hizo mbili ndipo uzi hukaa miguu ikiwa sawa. Mahali penye mteremko mkali mno usilime, paachie miti.

2. Usichome majani, funika udongo kwayo.

3. Changanya mazao: maharage, mahindi, viazi, muhogo. Kimoja kikishindwa, kingine huokoa nyumba.

4. Weka akiba. Yosefu huko Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe. Chagua mbegu kwenye mashina mazuri kabla ya kuvuna.

5. Patana na jirani. Maji yatokayo shambani mwako yakibomoa la mwenzako, umemdhuru katika mali yake. Mfereji haujui kabila. Wa juu na wa chini wauchimbe pamoja.

Maswali

S. Nani ni Bwana wa mvua?
J. Ni Mungu peke yake.

S. Je, yafaa kumshitaki mtu kuwa amefunga mvua?
J. La, ni uongo na ni dhambi juu ya jirani.

S. Je, kusali kwatosha bila kazi?
J. La. Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza.

Kusudio la juma hili: Nitamtembelea mzee mmoja asemwaye vibaya, nami nitamsaidia kazi shambani mwake.

Tuombe: Ee Mungu Baba, utupe mvua kwa wakati wake, mikono isiyochoka, na ndimi zisizosingizia. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.