Kompyuta Kuukuu Nyumbani: Itengenezwe, Itumiwe Tena au Ichakatwe Upya?

Katika nyumba nyingi kuna kompyuta iliyowekwa chini ya meza au juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa na kusahaulika. Haitumiki, lakini mwenyewe haitupi kwa sababu aliinunua ghali. Siku moja anapita mnunuzi wa vyuma chakavu, na mashine inauzwa kwa kilo kama sufuria iliyotoboka.

Mwenye nyumba hupata pesa kidogo hapo, na hupoteza mengi. Pengine mashine ilihitaji kubadilishiwa kifaa kimoja tu. Pengine nakala za kitambulisho na picha za familia bado zimo ndani. Na hakuna ajuaye sumu iliyomo itaishia kwenye udongo wa nani. Somo hili linaeleza hatua tatu za kufuata kwa mpangilio, kabla kompyuta haijatoka nyumbani.

Hatua ya kwanza: Kutengeneza

Kompyuta ni nadra kuharibika yote kwa pamoja. Kwa kawaida huharibika sehemu moja, na dalili zake hujulikana.

• Saa na tarehe zinarudi nyuma kila mashine inapochomolewa. Betri ndogo ya mviringo, mfano wa sarafu, imekwisha. Katika kompyuta nyingi za mezani ni aina ya CR2032. Tarehe isipokuwa sahihi, tovuti nyingi hukataa kufunguka, na mwenyewe hudhani intaneti ndiyo mbovu.

• Inapata moto na kujizima. Huenda vumbi limeziba feni, au dawa inayopakwa juu ya prosesa ili kupitisha joto imekauka. Kusafisha na kupaka dawa mpya ni kazi ya muda mfupi kwa fundi.

• Inatoa mlio mara kadhaa bila kuonyesha chochote kwenye skrini. Mara nyingi memori, yaani RAM, imelegea au imeshika uchafu. Fundi huichomoa, huisafisha na kuirudisha.

• Inawaka lakini ni nzito mno. Kubadilisha diski ya zamani inayozunguka na kuweka ya SSD, au kuongeza memori kutoka GB 4 hadi GB 8, huipa kasi mpya.

Anayetaka kusafisha vumbi mwenyewe aizime kompyuta na kuchomoa waya wa umeme kwanza. Kisanduku cha chuma kinachopokea umeme ndani ya mashine kisifunguliwe kamwe, wala zile skrini nene za zamani zenye kisogo. Vyote viwili huweza kuhifadhi umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa.

Kabla ya kulipa, ni vyema kumwomba fundi ataje sehemu iliyoharibika, bei yake na gharama ya kazi. Gharama yote ikikaribia bei ya kompyuta nyingine ya mtumba iliyo nzima, basi hatua ya pili ifikiriwe.

Hatua ya pili: Kutumia tena

Wengi wameambiwa kompyuta zao zimepitwa na wakati kwa sababu programu ya Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zao haziwezi kubeba Windows 11. Hilo halina maana kwamba mashine yenyewe imekufa. Kuna mifumo ya Linux inayopatikana bure, kama vile Linux Mint, ambayo hufanya kazi vizuri kwenye kompyuta yenye memori ya GB 4. Mwanafunzi ataweza kuandika insha na kusoma masomo ya mtandaoni, na mweka hazina wa chama ataweza kutunza hesabu za wanachama.

Kompyuta isiyotengenezeka nayo huwa na viungo vizima. Skrini, kibodi, feni, memori na chaja vinaweza kuokoa mashine nyingine. Fundi wa mtaani huvihitaji.

Anayetaka kutoa msaada kwa shule au kikundi aulize kwanza kama kompyuta inahitajika, na ahakikishe inawaka. Kupeleka shuleni mashine iliyokufa ni kumhamishia mwalimu taka.

Habari za siri zifutwe kwanza

Kufuta faili kwa njia ya kawaida hakuziondoi kabisa. Mtu mwenye programu maalumu anaweza kuzirejesha. Kopi za kitambulisho, hati ya shamba, PIN ya kodi na taarifa za benki vikiangukia mikononi mwa matapeli, hasara yake yaweza kuzidi bei ya kompyuta mara nyingi. Mwenye kompyuta ahifadhi anachotaka kwingine, kisha amwombe fundi afute diski nzima mbele yake kwa programu ya kufuta kabisa. Kama mashine haiwaki, njia rahisi ni kuchomoa diski na kubaki nayo nyumbani.

Hatua ya tatu: Kuchakata upya

Kompyuta iliyofika mwisho ina shaba, alumini na hata dhahabu kidogo. Pia ina risasi, hasa katika lehemu za mashine za zamani na kioo cha skrini zenye kisogo. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, plastiki yake hutoa moshi wenye kemikali za dioksini, ambazo zinaweza kusababisha saratani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Wakenya wamekwisha kuona madhara ya kuchakata vibaya. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwaathiri wakazi kwa risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha mwaka 2024. Fidia hiyo haiwezi kumrudishia mtoto afya aliyoipoteza.

Kwa hivyo taka za kielektroniki zisichanganywe na maganda ya jikoni, zisizikwe shambani wala zisichomwe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka. Mkazi akabidhi kompyuta yake kwa mchakataji mwenye leseni ya NEMA, na anayo haki ya kuomba kuonyeshwa leseni hiyo. Baadhi ya wachakataji, kama WEEE Centre ya Nairobi, hushughulikia taka za kielektroniki pekee. Majirani, chama au kanisa wanaweza kukusanya mashine zao pamoja ili kupunguza nauli ya kuzisafirisha.

Betri ya laptopu iliyovimba inahitaji uangalifu zaidi. Isitobolewe, isichajiwe na isitupwe jalalani, kwa kuwa inaweza kulipuka moto. Iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto na mbali na watoto hadi itakapokabidhiwa.

Ya kukumbuka

1. Fundi aone mashine kabla ya mnunuzi wa vyuma chakavu.
2. Kinachofaa kitumiwe tena au kipewe anayekihitaji.
3. Diski ifutwe kabisa au ibaki nyumbani.
4. Kilichobaki kiende kwa mchakataji mwenye leseni.
5. Nyaya na betri zisichomwe kamwe.