Umeumia Kazini? Usianzie kwa Wakili

Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja Industrial Area, Nairobi. Mwenzetu akiumizwa na mashine, swali analoniuliza wodini ni hili: "Unajua wakili mzuri?" Mara nyingi dalali wa mawakili keshapita kitandani.

Wakili ana siku yake. Kwanza mwarifu msimamizi wako, hata kwa mdomo, na uhakikishe ajali imeandikwa kwenye daftari. Mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSH, kwa fomu ya DOSH 1. Sehemu moja hujazwa na mwajiri mwenyewe, nyingine na daktari.

Kwa daktari ndipo pesa zilipo. Ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu ya mshahara wa miezi 96: anayelipwa shilingi 20,000 kwa mwezi akiandikiwa asilimia 10, anapata 192,000. Kwa hiyo usimweleze maumivu tu. Mwambie huwezi tena kushika spana, au kwamba mkeo ndiye hukufunga vifungo vya shati. Na kila karatasi ipige picha kabla haijatoka mkononi mwako.

Mwajiri akinyamaza, peleka dai mwenyewe DOSH. WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, inakupa miezi 12 tangu ajali. Huna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa, jambo ambalo hata mameneja wengine hawalijui (au hujifanya hawalijui).

Madalali hupenda kukukimbiza kortini. Lakini Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2019 kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi wa DOSH. Nimeona kesi ikitupwa huku ile miezi 12 imekwisha.

Basi wakili ni wa lini? Ni pale unapopunjwa asilimia, au mwajiri anapokana kukujua. Una siku 60 za kupinga uamuzi kwa Mkurugenzi huyo. Akishikilia, siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Leba. Mfukoni kukiwa kukavu, jaribu Kituo cha Sheria, wanaosaidia bila malipo. Kibarua asiye na hati ya mshahara abebe kama ushahidi wa kazi taarifa yake ya M-Pesa, amepigia mstari kila malipo yaliyotoka kwa mwajiri.