Somo la Sheria: Deni Linapozidi Mali

Takriban kila kaya ya wilaya yetu imewahi kusikia jina la RITA, kwa kuwa ndiko vinakotoka vyeti vya kuzaliwa na vya kifo. Jina lake kamili ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Neno la kwanza, usajili, tunalijua vema. Neno la pili, ufilisi, wengi hulipita bila kuuliza linahusu nini, hata siku deni linapomlemea ndugu, jirani au mfanyabiashara aliyechukua mazao yetu kwa ahadi ya kulipa baadaye. Somo hili linaeleza ufilisi ni nini, unamlinda nani, una mipaka gani, na mkazi anayehitaji wakili au msaidizi wa kisheria atamtambuaje aliye na ujuzi wa jambo hili.

Maana ya maneno

Asili ya maneno haya ni Kiarabu, katika neno lililotaja sarafu ndogo ya shaba: aliyefilisika ni mtu aliyebakiwa na vijisenti tu. Katika sheria maana yake ni finyu zaidi. Mtu mwenye madeni mengi si lazima awe muflisi. Muflisi ni yule ambaye mahakama imetamka hivyo kwa amri, baada ya kuthibitika kwamba hawezi kulipa madeni yake. Kabla ya amri hiyo, hakuna mkopeshaji, kikundi wala kiongozi wa mtaa mwenye mamlaka ya kumwita mtu muflisi na kugawana mali yake.

Kwa mtu binafsi sheria inayotumika ni Sheria ya Ufilisi, Sura ya 25, ambayo chimbuko lake ni sheria ya kikoloni ya mwaka 1930. Kampuni iliyosajiliwa haifuati njia hiyo. Hufilisiwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Tofauti hii ni ya msingi. Mwenye duka lisilosajiliwa kama kampuni hudaiwa yeye mwenyewe, pamoja na mali yake ya nyumbani. Mwenye hisa katika kampuni kwa kawaida hupoteza hisa zake tu, isipokuwa kama alitia saini ya udhamini kwa jina lake mwenyewe.

Mwenendo wa shauri la ufilisi

Shauri la ufilisi husikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa mkoa wetu ni Mahakama Kuu Kanda ya Kigoma. Zamani mashauri ya ngazi hiyo yalipelekwa Tabora. Ombi laweza kuletwa na mdai, au na mdaiwa mwenyewe anayekiri kwamba hawezi tena kulipa. Sheria hutaja matendo yanayofungua mlango wa ombi la mdai, miongoni mwayo kuhamisha mali kwa hila, kujificha au kuondoka nchini ili kuwakwepa wadai, na kupuuza hati ya ilani ya ufilisi.

Mahakama ikikubali ombi, mali ya mdaiwa huwekwa chini ya uangalizi wa Mpokeaji Rasmi, na hapo ndipo RITA, chini ya Kabidhi Wasii Mkuu, inapoingia. Mdaiwa huandika maelezo ya mali na madeni yake yote. Wadai hukutana. Mdaiwa huhojiwa hadharani mbele ya mahakama. Wadai wanaweza kukubaliana naye mpango wa malipo. Wasipokubaliana, hutangazwa muflisi, mali huuzwa na fedha hugawanywa. Mwishoni anaweza kuomba kuachiliwa na kuanza upya. Kabla ya kuachiliwa hafungwi gerezani kwa sababu ya ufilisi peke yake, lakini huwa na vizuizi, mfano kutokopa juu ya kiasi kilichowekwa bila kumweleza mkopeshaji hali yake.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa kubuni. Mfanyabiashara wa maharage anadaiwa na benki shilingi milioni 12, na nyumba yake ndiyo dhamana. Wakulima wanne walimkopesha mazao ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Mkopeshaji binafsi asiye na dhamana anamdai milioni 4. Vibarua wake wanadai mishahara ya shilingi 600,000. Bei ya maharage imeanguka, na mali isiyo na dhamana, yaani gari kuukuu na shehena iliyobaki ghalani, imeuzwa. Baada ya gharama zimebaki shilingi milioni 5.4.

Benki yenye dhamana husimama nje ya mgawo huu: hutazama nyumba kwanza, na ziada ya mauzo, kama ipo, hurudi kwa wadai wengine. Katika mfano wetu nyumba imelipa deni la benki barabara. Mishahara ya vibarua hupewa kipaumbele, hadi kiwango cha kisheria, hivyo hutolewa shilingi 600,000. Zimebaki milioni 4.8 kwa madeni ya milioni 12. Kila shilingi moja inayodaiwa italipwa senti 40. Kila mkulima atapata shilingi 800,000 na mkopeshaji binafsi milioni 1.6.

Malipo hayo ni machache, na hakuna mkulima atakayeyafurahia. Lakini tazama njia nyingine. Mkopeshaji anafika usiku na kuondoka na gari. Shehena inachukuliwa na wa kwanza kugonga mlango. Wakulima wa mbali, waliosubiri kwa subira, hawapati hata senti moja. Lengo kuu la sheria ya ufilisi ni kuondoa mashindano hayo, ili wadai wa daraja moja wapate kwa uwiano mmoja. Ndiyo sababu mali iliyohamishiwa kwa shemeji au rafiki wiki chache kabla ya shauri yaweza kurudishwa kwenye mfuko wa wadai wote.

Mali isiyoguswa

Sheria ya Ufilisi humwachia mdaiwa zana za kazi yake, mavazi na matandiko ya lazima yake na ya familia yake, hadi thamani iliyowekwa. Humwachia pia mali ya watu wengine anayoishika kwa amana. Kwa mweka hazina wa kikundi jambo hili ni zito. Fedha za kikundi zikiwa katika akaunti ya kikundi, hazihusiani na madeni yake. Zikiwa zimechanganywa na fedha zake katika simu yake, wanachama watakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha kilicho chao.

Katika madai ya kawaida, yasiyo ya ufilisi, Sheria ya Mwenendo wa Madai huzuia kukamatwa kwa vyombo vya kupikia, vitanda, zana za fundi na za mkulima, nyumba anamoishi mdaiwa na familia yake, na ardhi ya kilimo ambayo ndiyo tegemeo pekee la maisha yake. Kinga hiyo haimsaidii aliyeweka nyumba au shamba rehani kwa hiari yake. Hata hapo, Sheria ya Ardhi hudai ridhaa ya mwenzi wa ndoa kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, na ilani ya siku 60 kwa mdaiwa kabla ya mkopeshaji kuuza. Mnada wa ardhi nao hutangazwa hadharani siku 14 kabla. Mwenzi anayeambiwa atie saini karatasi asiyoisoma ana haki ya kuomba aeleweshwe kwanza, na ana haki ya kukataa.

Njia fupi kabla ya ufilisi

Shauri la Mahakama Kuu lina gharama, na madeni mengi ya wakazi wetu hayafikii kiwango cha kustahili safari hiyo. Nchini Kenya, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliweka utaratibu mwepesi kwa mdaiwa asiye na mali, mwenye madeni kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 za Kenya, na kwa kawaida deni hufutwa baada ya miezi 12. Sheria yetu ya mwaka 1930 haina mlango kama huo. Hivyo mdaiwa mdogo hutegemea njia nyingine: kuandikiana mpango mpya wa malipo mbele ya mashahidi, au kuiomba mahakama inayosikiliza dai iruhusu malipo kwa awamu. Kifungo cha madai kipo katika sheria, na hakifuti deni. Lakini mdaiwa ambaye kweli hana uwezo, na si mficha mali, anaweza kuieleza mahakama ili asifungwe.

Njia bora zaidi ni kuchagua mkopo kwa uangalifu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. Wakopeshaji wasiopokea amana ni daraja la pili na lazima wawe na leseni ya Benki Kuu. SACCOS ni daraja la tatu. Vikundi vya kijamii, vikiwamo VICOBA, ni daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Mkopo uitwao mtaani kausha damu mara nyingi hutolewa na mtu asiyeweza kuonyesha leseni. Asiye na leseni asikabidhiwe kadi ya benki, namba ya siri wala hati ya shamba. Aidha, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Wakili aliyeendelea kusoma

Sheria hubadilika, na wakili aliyehitimu miaka 20 iliyopita akafunga vitabu vyake hawezi kumsaidia mdaiwa wa leo. Kwa sababu hiyo Chama cha Mawakili Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954, huendesha mafunzo endelevu kwa wanachama wake, na leseni ya uwakili huhuishwa kila mwaka. Katika eneo la madeni peke yake, wakili wa Kasulu au Kibondo amelazimika kujifunza sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, pamoja na marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Marekebisho hayo ni faida kwa mkazi, ambaye sasa ana sababu ya kudai aeleweshwe shauri lake kwa lugha anayoijua.

Kabla ya kulipa ada, muulize wakili maswali matatu. Je, leseni yako ya mwaka huu ni hai? Waweza pia kuhakiki jina lake katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Je, deni langu linahitaji ufilisi, au kuna njia fupi? Anayekimbilia ufilisi kabla ya kutazama orodha ya madeni yako hajakusikiliza. Na tatu, ni mali ipi yangu ambayo haiwezi kuguswa?

Asiye na uwezo wa kulipa wakili analindwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, ambao hutoa elimu na ushauri na kumwelekeza mtu panapostahili. Msaidizi wa kisheria hamwakilishi mtu mahakamani, na huduma yake hailipiwi. Anayedai ada kwa cheo hicho aripotiwe. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii inaweza kumwelekeza mkazi kwa waliosajiliwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Fedha za kikundi chetu zimewekwa kwa jina la nani, na kumbukumbu zake ziko wapi?
2. Katika mfano wetu, kama gari lingeuzwa kwa siri kwa nduguye mfanyabiashara, nani angepoteza na angeweza kufanya nini?
3. Ni nyaraka zipi mkulima anapaswa kubaki nazo anapotoa mazao kwa mkopo, ili siku ya mgawo aweze kuthibitisha dai lake?

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Asiyeweza kulipa leo na aje mapema na orodha kamili ya madeni yake, kwani wanaotoroka usiku huacha nyuma mke, watoto na wadhamini wakihojiwa juu ya hesabu wasiyoijua.