Kula Bila Nyama wala Samaki Kibiti na Delta ya Rufiji: Maswali na Majibu

Wanaoniuliza habari za kula mimea mitupu ni wa namna mbili. Wako walioamua wenyewe: kijana aliyeingia urasta, muumini Msabato, mtu aliyeshauriwa hospitali apunguze nyama. Halafu wako walio wengi zaidi, ambao hawakuamua lolote. Hao ni watu wa Bungu, Mjawa au Mtunda ambao nyama huiona sikukuu, na samaki bei yake haishikiki bahari ikichafuka. Wote majibu yao ni yale yale. Ardhi ya Kibiti huotesha karibu kila anachohitaji mtu asiyekula nyama. Kinachokosekana hasa ni kimoja, nacho nitakieleza kwa kirefu.

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu hapa Kibiti mjini. Nimeacha nyama, samaki, maziwa na mayai, na mama ananiambia nitaishiwa nguvu. Protini nitaipata wapi?

Marahaba, mwanangu. Utaipata kwenye kunde, choroko, mbaazi, karanga, ufuta na korosho. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 50 hivi za protini kwa siku. Kikombe cha kunde zilizoiva kina kama gramu 13, na sahani iliyojaa wali ina kama 8. Ukila kunde au choroko mchana na jioni, na karanga ukatia kwenye uji au mboga, umefika.

Mchele una upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga mwili, na kunde zina laisini kwa wingi. Asidi amino zenye salfa ndizo chache kwenye kunde, na mchele unazo. Kwa hiyo mseto wa mchele na choroko, wali kwa mbaazi za nazi, na pure ya mahindi na kunde ni vyakula vilivyokamilika. Si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikutane ndani ya siku moja inatosha.

Mama yako ana hoja mahali pamoja. Ukiacha samaki na badala yake ukabaki na wali, mchicha na tui, utadhoofika kweli. Tui ni mafuta, protini yake ni kidogo mno. Kazi yake ni nyingine, na ni kazi muhimu: vitamini A iliyomo kwenye matembele, maboga na maembe inahitaji mafuta ili mwili uifyonze.

Miezi ya njaa, mpunga ukiwa bado shambani na sisi tuko kwenye madungu tukifukuza ndege na nguruwe, tunakula bada, yaani ugali wa muhogo, kwa kisamvu asubuhi na jioni. Lina madhara?

Swali hili ningependa kila nyumba ilisikie. Muhogo ni mkombozi, lakini ni wanga mtupu: gramu 100 zina protini gramu 1 hadi 2. Zaidi ya hapo, muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Mwili una njia ya kuiondoa, na ili uiondoe unatumia zile asidi amino zenye salfa. Asiyekula samaki wala kunde anazo chache, na hizo chache zinakwisha kwa kupambana na sumu. Matokeo mabaya kabisa ni konzo, ugonjwa unaopooza miguu kwa ghafla na kwa maisha, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Ulizuka Tarime mwaka 1985 wakati wa ukame, watu walipokula muhogo mchungu uliokaushwa harakaharaka bila kuondolewa sumu vya kutosha.

Basi usifupishe safari ya makopa. Muhogo mchungu menya, loweka siku tatu au nne mpaka ulainike, kisha anika ukauke kabisa. Kama una unga ambao huna hakika nao, ukoroge na maji uwe uji mzito, utandaze kwenye ungo safu nyembamba kama unene wa kidole, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, ndipo usonge. Sumu kubwa itapaa hewani. Kisamvu kitwange barabara na ukichemshe bila kufunika. Na katika chungu hicho hicho weka konzi mbili za kunde au karanga zilizotwangwa. Konzi hizo ndizo hutofautisha nyumba yenye njaa na nyumba yenye utapiamlo.

Nina mimba ya miezi mitano, niko Nyamisati. Samaki ananitia kichefuchefu, sasa nakula mboga tu. Kliniki wamesema damu ni gramu 9. Ninywe rosela?

Pole, mama. Rangi nyekundu ya rosela si damu. Gramu 9 ni pungufu, kwa mjamzito tunataka 11 na kuendelea, na dawa yake ya kwanza ni vidonge vya madini chuma na foliki asidi ulivyopewa kliniki. Vimeze kila siku, hata choo kikiwa cheusi. Vikikuchafua tumbo, meza usiku ukienda kulala.

Chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida kuliko cha nyama na samaki. Unakisaidia kwa kitu chenye vitamini C kwenye mlo uleule: ndimu juu ya kunde, embe, papai, au bibo la korosho, ambalo huliacha chungwa mbali kwa vitamini hiyo na bado watu huliacha lioze chini ya mkorosho. Unakizuia kwa chai. Chai ya rangi na chakula visikae pamoja. Subiri saa nzima au zaidi.

Ila usidhani kila upungufu wa damu umetoka sahani. Delta ina malaria, minyoo ya safura na kichocho, na wapo wenye selimundu. Omba kupimwa, meza dawa ya kukinga malaria unapopewa, lala kwenye chandarua. Na kama samaki ndiye tatizo lakini yai unalivumilia, kula yai. Yale maneno kwamba mjamzito akila yai mtoto huzaliwa hana nywele hayana ukweli wowote.

Mimi ni rasta, nipo Jaribu Mpakani. Wenzangu wanasema mlonge na uyoga vina kila vitamini. Ni kweli?

Hapana, ndugu yangu, na hapa ndipo penye ile kasoro niliyotaja mwanzo. Vitamini B12 hutengenezwa na bakteria. Inakaa kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na hakuna jani, mbegu wala tunda la kutegemea kwa hiyo. Mlonge ni mboga nzuri sana, lakini B12 haina. Uyoga unayo chembe isiyotosha.

Hatari yake ni kuchelewa. Ini huhifadhi akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo aliyeacha nyama leo anajiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, akawaambia wengine kwamba daktari anatisha watu bure. Kisha inaanza ganzi ya vidole, miguu kuchomachoma, ulimi kuuma, kusahausahau. Mla mboga za majani ana foleti nyingi, na foleti inaweza kuficha upungufu wa damu unaotokana na kukosa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mishipa ikiharibika mno hairudi.

Mahitaji ni mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Kwa kidonge, meza mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki, maana dozi kubwa hufyonzwa sehemu ndogo tu. Dukani soma kibandiko: vidonge vingi vya B-komplex vya bei rahisi vina B1, B2 na B3 tu. Ulizia vilivyoandikwa B12. Unga wa sembe na ngano wa viwandani wenye nembo ya virutubishi nao huongezewa B12, lakini unga wa mashine ya kijijini hauna, na bada hata kidogo.

Mimi mzee nina sukari, natumia metformin, na nyama nimeacha. Hilo la B12 linanihusu?

Linakuhusu mara mbili, mzee wangu. Metformin ikitumika miaka mingi hupunguza B12, na ganzi ya miguu watu huitupia sukari yote. Usiache dawa. Mwambie daktari wako akupime B12 au akupe.

Tunaweza kumlea mtoto bila vyakula vya wanyama?

Chini ya miaka miwili sishauri, isipokuwa mama na mtoto wanapata B12 ya dawa na mtoto anapimwa uzito kila mwezi. Maziwa ya mama peke yake miezi sita, kisha uji wa lishe wenye karanga na ufuta uliosagwa laini, kunde zilizopondwa, papai. Tumbo lake ni dogo, hivyo uji mwepesi humjaza bila kumlisha. Kama nyumba ina kuku, yai moja kwa siku kwa mtoto huyu lina maana kuliko kwa mtu mwingine yeyote hapo nyumbani.

Magadi kwenye kunde na kisamvu?

Acha. Huua vitamini B1 na C. Loweka kunde usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Zinaiva upesi, na chuma na zinki vinapatikana vizuri zaidi.

Chumvi ya mawe ni sawa na ya pakiti?

Si sawa kwa aliyeacha samaki wa baharini, kwa kuwa samaki ndiye aliyempa madini joto. Nunua chumvi iliyoongezwa madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye kifuniko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Mafuriko ya 2024 yalilowesha karanga na mahindi yetu. Siku hizi zikiota ukungu tunazichambua na kuzikaanga. Inatosha?

Kukaanga hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Punje yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu tupa, na usiwape kuku. Anika juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo, na maji yakitoka bondeni tumieni mlau, yaani kilimo cha unyevu ulioachwa na mafuriko, kupanda kunde mapema.

Ufuta na korosho sisi tunauza vyote. Nasi tule nini?

Hilo linaniuma kila msimu. Ufuta ni miongoni mwa vyakula vyenye chuma na kalisi nyingi tunavyolima, nao unapita mlangoni kwenda mnadani wakati mtoto wa mkulima mwenyewe anakula wali na mchuzi wa nyanya. Fedha ya mnada ni haki yenu na ada za shule zinaisubiri. Lakini mwezi wa sita, kabla gunia la kwanza halijapelekwa ghalani, baba na mama kaeni mkubaliane: debe moja la ufuta na moja la kunde vinabaki ndani, na havigusiki kwa kuuza.