Moto gani kwa nyumba ya vifaranga?

Mvua zimerudi, na ulizo linalokuja sana ni hili: "Vifaranga vyangu niviwashie moto gani usiku?" Ndosho iko karibu metre 1,500 juu ya bahari. Mchana manjanja inawaka kama sufuria, lakini kufika saa tisa ya usiku baridi inapita katikati ya mbao na joto linaweza kushuka karibu na digrii 15. Kifaranga cha siku moja kinahitaji digrii 32 mpaka 35. Manyoya yake bado ni laini sana, hayazuii baridi.

Wengi wetu hatuna kibanda cha pembeni. Vifaranga vinalala chumba kimoja na watoto, kwa sababu ya wezi na panya. Kwa hiyo ukichagua moto wa vifaranga, unachagua pia hewa ambayo familia itapumua mpaka asubuhi.

Tuanze na mbabula ya makala, maana ndiyo iko karibu kila nyumba. Watu wanaogopa moshi, basi wanangojea makala ishike vizuri, ikuwe nyekundu, moshi iishe. Kisha wanaingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Hatari inaanzia hapo. Makala nyekundu inatoa hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa nzuri ya oksijeni. Mwili unakosa hewa, na mtu anafikiri ni usingizi tu.

Msimu uliopita mama mmoja aliniita asubuhi nione "ugonjwa" wa vifaranga vyake. Kati ya 80, vilikuwa vimekufa 30, bila kuharisha. Nikamuuliza: na watoto, wameamka namna gani? Akasema mdogo ametapika, wakubwa wanaumwa kichwa. Mbabula ilikuwa bado chini ya meza. Hatukutafuta tena dawa ya kuku. Tulitoa watoto nje, tukafungua mlango na madirisha, tukaenda nao kituo cha afya. Walipona. Vifaranga vilikuwa vimetupa habari mbele ya watu.

Kuko wanaosema: "Sisi tunalala kitandani juu, sumu inabaki chini kama mazuku." Hapana. Mazuku inayotoka ndani ya ardhi ya volkano ni hewa nyingine, dioksidi ya kaboni. Ni nzito, inajikusanya mashimoni na mabondeni, ndiyo maana inaua mbuzi mbele ya mchungaji aliyesimama. Sumu ya makala uzito wake ni karibu sawa na hewa ya kawaida. Inajaa chumba chote, chini na juu, kitanda hakikuokoi. Sahani ya maji ao chumvi pembeni ya mbabula haiondoi kitu. Na kwa sababu ya mazuku yenyewe, usichimbe shimo la vifaranga ili kutafuta joto la ardhi. Inua sanduku juu ya mawe.

Umeme ni safi, kama uko nao. Lakini piga hesabu kwanza: ampule nyekundu ya wati 250 ikiwaka usiku na mchana inakula kilowati-saa 6 kila siku. Zidisha mara bei unayolipa, kisha mara siku 21. Ampule za LED hazifai, zinatoa mwangaza bila joto la kutosha. Funga ampule kwa mnyororo ao waya, si kwa kamba inayoungua. Na ukiwa na umeme peke yake, usiku ambao unakatika utapoteza vifaranga.

Mimi ningeanza na sanduku. Kule Ethiopia, hata Jimma ambako ni juu kuliko hapa kwetu, kuko wafugaji wadogo wanaolea vifaranga ndani ya sanduku lililozungukwa na majani makavu, bila moto wowote. Joto la vifaranga vyenyewe linabaki ndani. Sisi tunaweza kutengeneza la mbao: kuta mbili, katikati ujaze majani makavu, chini uweke maranda ya sentimetre 5 ao zaidi. Pumba laini ya msumeno usiweke wiki ya kwanza, vifaranga vinaila. Juu funika na gunia, si shitingi, maana shitingi inafunga hewa na kuleta maji.

Kwa siku za kwanza ongeza joto la maji. Chemsha nje, kwenye mbabula ileile. Ngojea maji yaache kutokota, jaza bidoni mbili za litre 5, funga vizuri, zungusha kitambaa, weka ndani ya sanduku. Maji hayo, yakipoa kutoka digrii 80 mpaka 40, yanatoa joto sawa na ampule ya wati 100 kwa masaa mane na nusu hivi. Basi ukiweka saa tatu ya usiku, utaamka mara moja kubadilisha. Inachosha, ndiyo. Mume na mke wapokezane.

Kipima joto kikikosekana, angalia vifaranga vyenyewe. Vikirundikana na kulia, viko na baridi. Vikikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limepita. Vikijikusanya upande mmoja, tafuta ufa unaoingiza upepo. Vikitawanyika vizuri, nenda ulale. Kila wiki punguza kama digrii 3. Kufika wiki ya nne ao ya tano, manyoya yakiota vizuri, bidoni zirudie kazi yake ya kuchota maji.